Shubiri Tatu za Mwanasha

Kuna watu Kinondo wanaosema kwamba Mwanasha alizaliwa ameshika chane ya miyaa mkononi. Hao wanatia chumvi. Aliishika siku ya tatu. Lakini kwamba aliwahi kusuka mkeka mrefu hata mwanzo wake ukafika kisiwani Chale, wageni wa hoteli wakautembea wakidhani wametengenezewa daraja, naye bado yuko kibarazani kwake anautafuta mwisho, hilo ni kweli tupu, na aliyetumwa kwenda kuukunja mkeka huo alirudi ana mvi.

Mikono hiyo aliipata kwa marehemu mama yake. Walikuwa na kawaida yao wawili. Baada ya alasiri mama alikaa upenuni akasuka ukili, ule utepe mrefu wa majani makavu ya miyaa ambao baadaye hushonwa ukawa mkeka. Alipoinuka kwenda kukoroga mchuzi aliuacha pale pale, chane zimetawanyika, mwisho wazi. Mwanasha, kisichana cha miaka sita saba, aliuokota akauendeleza. Mama akirudi aliupokea. Hakuna aliyesema "shika" wala "nipe". Siku nyingine walisuka mpaka magharibi hawajasemezana ila neno moja, "sogea," na hata leo Mwanasha hajapata mazungumzo matamu kuliko hayo.

Shule hakuipata sana. Darasa la tatu, basi. Akaolewa na Tsofa, mfanyabiashara wa mbuzi, ambaye kazi yake iko Taru na mapenzi yake huja mwisho wa mwezi pamoja na kibuyu cha maziwa ya mgando. Wakazaa watatu. Wawili wakubwa wameshakwenda kwa waume zao. Nyumbani akabaki Hanifa, kitinda mimba, miaka kumi na mitatu, miguu mirefu kama ya korongo na maneno machache.

Hanifa naye aliijua ile kawaida. Hakuambiwa. Akitoka shule hutupa mkoba, huuliza "Shikamoo mama, kuna nini cha kula?" na kabla hajajibiwa ameshauchukua ukili mahali mama alipouachia. Siku hizo Mwanasha aliweza kukaa jikoni makusudi, mchuzi umeshaiva zamani, anachungulia tu dirishani aione ile mikono midogo ikienda.

Kisha likaja shindano.

Lililetwa na Mwalimu Lenah, msichana wa kutoka bara, mwenye moyo mweupe na Kiswahili kinachopiga kona pale kinapotakiwa kunyooka. Aliwaita wazazi darasani, akawapanga kwenye madawati ya watoto, magoti yao yakagusa videvu.

"Wazazi, hii ni mashindano ya watoto," alisema. "Wako watano. Wamepewa tatizo, na hiyo tatizo watatatua wenyewe. Wajenge mnara unafika kwa goti, kwa vitu vya bure vinapatikana hapa kwetu. Hakuna gundi, hakuna msumari. Halafu ubebe vifuko vya mchanga, kilo moja moja, mpaka uanguke. Timu mbili bora za kaunti zitaenda Nairobi."

"Na sisi?" aliuliza Johnstone, baba yake Quincy, mpishi wa hoteli moja ya Diani, ambaye alikuwa amekuja na michoro minne mfukoni.

"Nyinyi mtaleta chakula. Na mtapiga makofi."

"Ushauri je, mwalimu?"

"Ushauri ni kusaidia, Baba Quincy. Mkono ya mtu mzima isiguse, na mdomo yake isipendekeze. Mzazi akigusa hata kijiti kimoja kiko kwa mnara, timu nzima inatolewa. Na watoto pia nimewakataza kuongea na nyinyi kuhusu hiyo kazi, juu nawajua. Mnaanza kwa kuuliza, mnaishia kwa kushika."

Johnstone aliikunja michoro yake taratibu kama anayefunika maiti. Fomu zikapitishwa. Kila mzazi akaahidi. Waliojua kuandika waliandika, Mwanasha akatia kidole gumba kwenye wino wa zambarau. Wino ule ulikaa kidoleni siku kumi. Alikisugua kwa majivu, akakisugua kwa ndimu, akakisugua kwa jiwe la kusagia. Mwishowe jiwe ndilo lililokuwa zambarau, na kidole kiko vilevile.

Hayo si kitu. Kitu ni kwamba kuanzia siku ile Hanifa hakutupa tena mkoba saa kumi. Alirudi jua linashuka, vipande vya vijiti vya ufagio vimemganda nyweleni, akala, akatazama ukutani akiwaza mambo yake. Ukili ulilala upenuni mwisho wazi, na Mwanasha akaukuta vilevile asubuhi, na asubuhi ya pili.

Mwanasha alijua kutokana na vile vijiti kwamba mnara unajengwa kwa vijiti vya ufagio. Na siku alipokosa fungu zima la miyaa yake nzuri, ile iliyochanwa nyembamba, alijua pia vijiti hivyo vinafungwa kwa nini. Moyo wake uliruka. Mtoto amechukua ukili kwenda nao shindanoni. Kati ya vitu vyote vya bure vilivyojaa Kwale nzima, huyu amechukua ukili.

"Hanifa," alianza akiwa anammiminia chai, "hicho kitu chenu..."

"Mama, hairuhusiwi."

"Sijasema neno."

"Umeshasema 'kitu'."

Basi. Mwanasha akanywa chai yake. Alitamani kumwambia miyaa ikikaa sana majini huwa laini lakini ikikauka hulegea kiungo. Alitamani kumwambia akaze kila baada ya mikunjo saba. Maneno hayo yalimjaa kinywani hata mashavu yakavimba, majirani wakamletea karafuu wakidhani ni jino. Lakini zaidi ya maneno, alitamani tu kukaa karibu wakati inafanyika.

Kwa hiyo zamu yake ya kupeleka chakula ilipofika, Jumamosi ile, aliamka kama anayekwenda kuposa. Mahamri alipika ya watoto watano, yaani themanini, na mbaazi za nazi sufuria nzima. Alijitanda leso mpya. Akafika shuleni saa nne.

Darasa lilikuwa wazi na halina mtu. Watoto walikuwa uwanjani na Mwalimu Lenah wakijizoeza mchezo wao wa kuigiza, maana mnara ulitakiwa uwe na hadithi yake. Sauti ya Quincy, aliyekuwa upepo, ilisikika ikivuma. Mwanasha akateremsha sufuria, akatafuta pa kukaa, akakaa. Na mbele yake, juu ya dawati, palikuwa na ukili.

Hapa aeleweke vizuri. Kinondo, mtu akimkuta mwenzake anasuka, hakai mikono mapajani. Huupokea ule ukili, akaongeza shubiri moja au mbili za kiganja kilichotanuliwa huku akiuliza habari za watoto na za mvua, ndipo akaaga. Mgeni anayeondoka bila kuongeza huacha mwenye nyumba akijiuliza amemkosea nini. Mwanasha tangu azaliwe hajawahi kukaa mbele ya ukili ulio wazi akautazama tu kama picha. Na huu ulikuwa umelowanishwa vizuri, mweupe, mwembamba, chane zimetawanyika, mwisho wazi. Ulikuwa umeachwa vilevile kama mama yake alivyokuwa akiuacha.

Hakuamua. Mtu akipigwa na jua hufinya macho, je, ameamua? Mikono ilikwenda. Kichwa chake hakikuwa hapo. Kilikuwa upenuni miaka thelathini nyuma, mchuzi unatokota, kuna mtu karibu yake asiyesema neno. Alisuka na machozi yamemsimama, si ya huzuni hasa, ya kuona kama amefunguliwa mlango aliodhani umezibwa kwa ukuta.

Kicheko cha watoto kikamzindua. Alitazama chini. Shubiri tatu. Na juu ya shubiri ya tatu, kimeukandamiza ukili kama muhuri wa serikali, kidole gumba cha zambarau.

Alijaribu kufumua, lakini miyaa iliyokwisha kunjwa haisahau mkunjo. Watoto walikuwa mlangoni. Akauweka mahali pake, akafunua sufuria.

"Mathe, hizi mahamri zimeweza," alisema Quincy kinywa kimejaa.

"Ongeza, mwanangu. Bado yako sabini."

Hanifa alikula huku anatembea. Akafika kwenye dawati, akauinua ule ukili, akasimama nao kidogo, taya zikitafuna. Kisha akauweka ndani ya boksi, akafunika. Mwanasha akashusha pumzi. Hakuona, alijiambia. Mtoto ana njaa, ataona nini.

Lakini nyumbani pumzi ile ilirudi, ikarudi na ndugu zake. Sasa kuna uchafu kwenye kazi ya watoto watano, na ni wake. Siku ya shindano wakiulizwa, wataapa bila kujua kwamba wanaapa uongo. Na ikijulikana, watatolewa mbele za watu, Hanifa akiwa mbele.

Na bado kulikuwa na jambo jingine, ambalo Mwanasha hakumwambia mtu na hata mwenyewe alilitazama kwa jicho moja tu. Wakitolewa, hakuna Nairobi. Hakuna Nairobi, na mambo yataisha, na mkoba utatupwa tena saa kumi. Alipoliona wazo hilo alilipiga teke. Lilikwenda likakaa kwenye kona, likawa linamtazama.

Jumapili alijaribu kusema.

"Hanifa, nina neno kuhusu kile kitu chenu."

"Mama, hairuhusiwi."

"Si wazo. Ni habari."

"Habari pia hairuhusiwi."

"Ni habari iliyokwisha kutokea."

"Mama, tafadhali." Na mtoto alimtazama kwa namna ambayo Mwanasha hakuielewa, kama anayemwomba kitu, kisha akainamia daftari lake.

Jumanne alikwenda shuleni kumwambia mwalimu. Alijizoeza njia nzima, akawaambia mbuzi wawili na nguzo moja ya stima, wote wakamsamehe. Lakini Mwalimu Lenah alimwona kwanza, akamshika mikono yote miwili.

"Mama Hanifa, wacha nikuambie ukweli. Wewe ndio mzazi peke yake sijashika. Baba Quincy nimemfukuza mara tatu, juzi nimempata amejificha nyuma ya tangi ya maji na darubini ya mzungu. Lakini wewe! Wazazi wote wangekuwa kama wewe."

Baada ya hapo ungamo lilirudi tumboni kama muhogo wa moto. Mwanasha akauliza hali ya mvua za kwao mwalimu, Machakos, akaenda zake.

Ijumaa ikafika. Ukumbi wa Msambweni ulijaa timu tano na wazazi wao, na wazazi walikuwa wamefungiwa nyuma ya kamba kama ng'ombe wa mnada. Mwanasha alikaa karibu na Johnstone, ambaye alikuwa ameng'ata kofia yake ya upishi hadi ukabaki ukingo tu.

Mnara wa kina Hanifa uliletwa watatu wameushika. Mwanasha alikuwa hajauona. Ulikuwa mdogo, mwembamba, wa kijanikijani, vijiti vya ufagio vimesimama vikiegemeana, na ukili umevizunguka toka chini hadi juu kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Macho yake yaliukimbilia ukili, yakapanda nao, yakitafuta zile shubiri tatu. Hayakuziona. Akarudia toka chini. Mwanzo hadi mwisho ulikuwa mkono mmoja, wa mikunjo midogo midogo, wenye ukingo mwepesi. Mkono wa Hanifa.

Jaji alikuwa mama wa makamo, amevaa buibui na miwani, mtu wa pwani kwa ulimi wake. Alikuwa na majaji wenzake wawili wa bara. Timu nne zilizotangulia aliziuliza swali lile lile, zikamjibu "hapana" kwa sauti moja, hata ile ambayo viungo vya mnara wake vilikuwa vya seremala wa miaka thelathini kazini.

"Kuna mtu mzima aliyegusa kazi yenu?"

"Ndiyo," alisema Hanifa.

Ukumbi ulinyamaza hata mende wakasikika.

"Nani huyo mjinga?" Johnstone alimnong'oneza Mwanasha.

"Ni mama yangu," alisema Hanifa. "Alisuka shubiri tatu. Wenzangu niliwaambia siku ileile. Tukazikata, nikasuka upya. Ni hizi hapa."

Akatoa mfukoni mwa sare kile kipande. Jaji akakipokea, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye ukingo polepole kama anayesoma.

"Alikusudia kuwasaidia?"

"Hapana, bi. Aliukuta mwisho uko wazi."

"Mwisho wazi," alirudia jaji. Akawageukia wenzake wa bara akawaeleza kwa sauti ya chini, na maelezo yalikuwa marefu, na mikono yake mwenyewe ilikuwa inasuka hewani bila yeye kujijua. Wenzake wakatazamana. Mmoja akainua mabega, mwingine akaandika kitu.

"Mtaendelea," alisema jaji. "Na wewe, kusuka ulifundishwa na nani?"

"Sikufundishwa na mtu. Nilikuwa nikikaa karibu na mama."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayetaja nyumba aliyokwisha kuihama. Mwanasha alilipokea neno lile, akaliweka kifuani, na pale kifuani lilikuwa tamu upande mmoja na upande wa pili linachoma.

Johnstone alikuwa amemgeukia.

"Kumbe ni wewe, Mama Hanifa."

"Ni mimi."

"Mimi nimefukuzwa mara tatu na sijagusa hata kijiti." Akaugeuza mkononi ule ukingo wa kofia. "Ulijisikiaje?"

"Kufanya nini?"

"Kushika."

Mwanasha alifikiri. "Kama nimeitwa nyumbani," alisema, na mpishi yule akaitikia kwa kichwa, macho yake yako kwa mwanawe.

Vifuko vikaanza kupangwa. Vitano, kumi. Kwenye cha kumi na tatu mnara uliguna. Kwenye cha kumi na sita Mwanasha alikuwa ameishika kamba ya wazazi kwa mikono miwili na, bila kujua, alishaisuka dhiraa nzima. Cha kumi na saba kikakaa. Cha kumi na nane kikawekwa, na pale katikati, penye ukili uliosukwa kwa haraka siku za mwisho, pakaachia. Vijiti vikalala chini bila kelele.

Kumi na saba. Mmoja wa wengine alikuwa na kumi na tisa, mwingine na kumi na nane. Kina Hanifa wakawa wa tatu, na Nairobi ni ya wawili.

Mwanasha aliangalia kwenye ile kona ya moyo ambako wazo lake lilikuwa limekaa. Limepata lilichotaka. Hakuona furaha yoyote pale. Alimwona tu binti yake amepiga magoti, anaokota vijiti kimoja kimoja, anavipanga kwa urefu, na wenzake wanne wamemzunguka hata hakuna nafasi ya mtu mwingine kupita.

Walikutana nje, kwenye kivuli cha ukuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akamfuta vumbi shavuni. "Ulijua lini?"

"Jumamosi. Kabla sijameza hamri la kwanza."

"Na mimi wiki nzima naungua moyo. Mbona hukuniambia?"

"Tulikatazwa kuongea na wazazi habari ya mnara."

Mwanasha akamtazama. Wiki nzima, nyumba moja, sinia moja, kila mmoja amelifumba lilelile kinywani. Akaanza kucheka, Hanifa naye akacheka, wakacheka hadi ukuta ukapata ufa ambao mpaka leo upo.

"Ulinijuaje lakini?"

"Wewe hukunja ukingo mara mbili. Hakuna mwingine." Hanifa akatoa kile kipande, alichorudishiwa na jaji. "Tungeziacha shubiri zako, mnara ungebeba ishirini."

"Thelathini."

"Haya, thelathini. Lakini ungekuwa mnara wako."

Akampa. Quincy alikuwa anamwita kutoka barabarani, wanakwenda kula viazi vya karai wote watano, mwalimu ndiye anayewanunulia. Hanifa aliangalia kule, akamwangalia mama.

"Nenda," alisema Mwanasha. "Usichelewe."

Akaenda, ile miguu ya korongo ikiruka mitaro.

Mwanasha alirudi Kinondo na shubiri zake tatu. Hakuzishona kwenye mkeka wowote. Alizilowanisha, akazitundika upenuni kwenye msumari, karibu na mlango, pale mtu anayetoka na anayeingia lazima zimguse bega. Upande mmoja aliufunga. Upande wa pili aliuacha wazi.

Hanifa na wenzake wameshaanza kazi ya mwaka ujao, na hiyo pia hairuhusiwi kutajwa. Hurudi jua linashuka. Lakini baadhi ya asubuhi, akiwa anamngoja Kahaso, mwenzake wa kundi, ampitie waende shule, mkoba mgongoni, husimama pale mlangoni akaongeza mikunjo minne mitano, kama afanyavyo mgeni, kisha akaaga. Mwanasha huwa jikoni. Chai imeshachemka zamani. Huchungulia dirishani, na mtoto akishapotea njiani, hutoka, akapima kwa kiganja chake kile kilichoongezwa.

Jana ilikuwa nusu shubiri.